Mama Hapangiwi Zamu

Mtaani walimwita Msimamizi, na wengi hawakujua kama aliwahi kuitwa vingine. Alisimamia chumba cha kufulia katika hospitali kubwa ya mji, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na kazi ilikuwa imemwingia hadi mifupani. Nyumbani kwake hata soksi za watoto zilianikwa kwa jozi. Shuka yenye damu, aliwafundisha wafuaji wapya, huloweshwa katika maji baridi. Ukiitia ya moto umeipika damu ndani ya uzi, na hapo ufue mpaka kiama haitoki. Hakuwa mkali, ila alikuwa mgumu kudanganywa. Ukimwambia jambo alikuuliza umelijuaje, na ukishindwa kumjibu aliliweka kando kama foronya iliyochanika.

Jumapili moja alasiri aliwakusanya majirani wa nyumba saba sebuleni kwake. Aliwapa chai, akangoja kila mmoja apate pa kukaa, ndipo akasema lililowaleta.

"Binti yangu anatimiza miaka kumi na minane mwezi ujao. Kwa sheria, ulezi unakoma siku hiyo. Barua ya ofisi ya ustawi wa jamii imeshafika."

"Unakoma vipi?" aliuliza mwenye duka, mama mnene mwenye sauti ya kuita wateja ng'ambo ya barabara. "Mtoto ni bomba la maji, useme koki imefungwa?"

"Karatasi ndiyo inayokoma. Kibali changu ni cha watoto wawili. Wapo ndugu wawili kule kwenye makao, wa kiume ana miaka sita, dada yake minne, na ofisi haitaki kuwatenganisha. Nimekubali kuwachukua."

Majirani walitazamana. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na sauti ya vyombo vikioshwa, iliyokuwa ikisikika tangu mwanzo, ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

"Na Chiriku?" aliuliza fundi baiskeli kwa sauti ya chini.

"Amepata kazi kiwanda cha mikate. Chumba nimemtafutia, mwendo wa dakika arobaini kutoka hapa. Lakini mtoto aliyeletwa na karatasi, akiondolewa na karatasi, anaanguka. Nimewaona wenzake. Mwaka wa kwanza ndio unaowamaliza. Kijana mwenye ukoo akiugua ana shangazi, akifukuzwa kazi ana mjomba. Hawa hawana. Kwa hiyo nimewaita ninyi muwe hao."

Alisema hayo kwa sauti ile ile anayoagizia sabuni. Kisha akatandaza mezani karatasi ya manila iliyopigwa mistari kwa rula: siku saba, nyumba saba, na mbele ya kila nyumba namba ya simu.

"Kila nyumba ina siku yake. Mtakwenda alasiri, maana anaingia kazini saa kumi alfajiri na jua likizama analala. Zamu ya mtu haiingiliwi. Kufua kumenifundisha: ukiweka watu wawili kwenye mashine moja, kila mmoja anamwachia mwenzake, na shuka zinavunda. Ukitoka kwake niletee taarifa. Mambo matatu tu: amekula au hajala, yuko kazini au hayuko, kuna kinachohitajika au hakuna. Hadithi sitaki."

"Msimamizi," alisema fundi baiskeli, "hata sisi umetukunja tukakunjika."

Walicheka. Mwalimu mstaafu, aliyekuwa amepewa Jumatatu, aliisogeza miwani yake karibu na karatasi, akaipitia kama anayesahihisha mtihani. "Mbona jina lako silioni?"

"Msimamizi hajiandiki kwenye zamu, Mwalimu. Yeye yupo siku zote."

Na ilikuwa kweli. Kwa miaka ishirini na miwili jina lake halikuwahi kuandikwa kwenye ratiba iliyobandikwa mlangoni pa chumba cha kufulia, kwa sababu aliingia kabla ya watu wote na kutoka baada ya watu wote. Hakuna jirani aliyeona kosa. Wote waliichukulia kuwa heshima ya mzazi.

"Mama hapangiwi zamu," mwenye duka alikata shauri, akanyoosha mkono kuongezewa chai.

Chiriku alikuwa ameletwa nyumba ile akiwa na miaka minane, mchana wa mvua, na afisa aliyekuwa na haraka. Miezi mitano hakusema neno. Alikula, alioga, alikwenda shule, alitikisa kichwa. Msimamizi hakumbembeleza wala kumhimiza. Jioni alimkalisha karibu naye, akampa lundo la vitambaa, wakakunja pamoja. Siku moja, katikati ya lundo, mtoto akasema, "Hiki kimoja kimeungua pasi." Akaanza hapo, na hakunyamaza kwa miaka kumi. Alisimulia ndoto, alisimulia ugomvi wa shuleni kwa sauti za wagombanaji wote, aliongea na mlango ukikwama. Fundi baiskeli ndiye aliyempa jina la Chiriku, akisema ukitaka kuziba baiskeli yako pancha mpeleke mtoto huyu aiongeleshe, itaziba yenyewe kwa kuchoka.

Siku ya kuhama walimsindikiza kama kijiji kinachohama. Fundi alitangulia na rafu aliyoichonga mwenyewe. Mwenye duka alibeba sufuria mbili na malalamiko. Kinyozi na mkewe walishika godoro huku na huku, wakigombana ni nani anayetembea upande. Chumba kilikuwa kimoja, chenye dirisha lililotazama ukuta wa jirani, sakafu ya saruji iliyopigwa sawasawa, na mlango uliofunga vizuri. Msimamizi alikuwa ameujaribu mara nne kabla ya kukubali.

Majirani walipotoka, Chiriku alibandika ile karatasi ya manila ukutani, akarudi nyuma kuitazama.

"Jumatatu Mwalimu, nitafunzwa. Jumanne fundi. Jumatano mwenye duka, huyo atanimaliza kwa maswali. Alhamisi mshonaji. Mama, hii si ratiba ya chumba, hii ni ya wodi. Siku yako iko wapi?"

"Mama hapangiwi zamu."

Chiriku alicheka. "Kwa hiyo utakuja siku yoyote."

"Siku yoyote," alisema Msimamizi, na alikuwa akimaanisha hivyo.

Wale ndugu wawili waliletwa siku ya tatu. Wa kiume alikojoa kitandani kila alfajiri na kuificha shuka chini ya kabati. Dada yake hakupata usingizi mpaka ashike sikio la mtu. Msimamizi alifua, akamwachia mtoto sikio lake, akaenda kazini. Jumamosi ya kwanza alipata saa mbili za nafasi. Alijifunga kitambaa kichwani, akafika mlangoni pake, akasimama. Jumamosi ilikuwa ya kinyozi na mkewe. Wangemkuta kwa Chiriku wangesema nini? Kwamba amekuja kuwakagua. Kazini hakuna kilichowaudhi wafuaji kama msimamizi anayetokea kwenye zamu iliyokwisha kukabidhiwa. Alikifungua kitambaa.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mpiga rangi na mamake. Jumatatu ilikuwa ya Mwalimu, na Mwalimu alikuwa mwepesi wa kuhuzunika. Tena afisa ustawi alikuwa amesema, kwa upole wa watu waliosoma upole darasani, kwamba miezi ya kwanza mlezi asikae juu ya kijana, amwachie nafasi asimame. Kila siku ya juma ilikuwa na mwenyewe. Siku yoyote, kumbe, haimo kwenye kalenda.

Lakini taarifa zilikuja. Hazikukosa hata jioni moja, na hilo lilimpa Msimamizi fahari aliyoificha. Amekula. Yuko kazini. Hakuna kinachohitajika. Mwenye duka alijaribu mara mbili kuongeza hadithi, akakatwa. Tangu hapo naye aliandika maneno yake machache kama mtu anayelipishwa kwa kila neno. Jumapili Msimamizi alipiga simu mwenyewe, dakika tano, na Chiriku alimsimulia jinsi unga unavyopanda, jinsi mkuu wa zamu anavyokoroma akiwa amesimama. Ilionekana karatasi ile inafanya kazi iliyopewa.

Juma la saba, kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, taarifa zilisema: amekula, hayuko kazini, hakuna kinachohitajika. Msimamizi aliliona. Siku nne mfululizo si mapumziko ya kawaida. Alifikiri tanuri limeharibika, maana hata yeye juma lile lile mashine yake ya pili ya kukausha ilikufa, na watu wake walianika shuka kwenye kamba za uani kama enzi za zamani. Alifurahi kwamba mtoto anapumzika.

Jumapili alipiga simu.

"Hujambo?"

"Sijambo, Mama."

"Umepumzika?"

"Ndiyo. Nimepumzika."

"Vizuri. Kazini unarudi lini?"

"Wiki ijayo." Akanyamaza, kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. "Watoto hawajambo?"

"Hawajambo."

"Haya, Mama. Asante kwa kupiga."

Tangu siku ile simu za Jumapili zilikuwa za dakika mbili, kisha moja. Msimamizi aliliona na hilo. Akalitafutia sababu: mtoto amekua. Aliona ni dalili njema.

Mwezi wa nne tangu Chiriku ahame ulipoanza, Jumatano asubuhi, afisa ustawi alikuja kuwatazama wale watoto wadogo. Alipomaliza alitoa bahasha mkobani. Jalada la Chiriku lilikuwa linafungwa. Ilitakiwa sahihi ya mlezi wa awali, pale chini, palipotiwa alama. Msimamizi hakuwahi kutia sahihi karatasi asiyoisoma. Alivaa miwani, akaanza juu.

Makazi: chumba cha kupanga, hali nzuri. Ajira: ya kudumu. Mtu wa kuitwa likitokea la kutokea: fundi baiskeli. Uhusiano: jirani.

Alirudia mstari huo mara mbili. Kisha akashuka kwenye wa chini yake. Matibabu tangu kuhama: kuungua kwa mvuke wa tanuri, mkono wa kushoto, kiganja hadi juu ya kiwiko. Kulazwa siku nne. Zilifuata tarehe, jina la hospitali, na namba ya wodi.

"Hii ni nini?"

"Si alipoungua, Mama? Wodi namba sita." Afisa alitabasamu kidogo. "Nilisema afadhali ni hapo hapo kwenu, mtakuwa mnaonana..." Hakumaliza. Alimtazama Msimamizi usoni, akainamisha macho, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Wodi namba sita ilikuwa ngazi mbili juu ya chumba cha kufulia. Nguo zake zilishuka kwenye mifuko ya kijani. Siku nne zile Msimamizi alikuwa kazini zote nne. Mashine iliyoharibika ilimsaidia kukumbuka. Alikumbuka pia kwamba mifuko ya wodi sita juma lile ilikuwa na shuka zenye madoa ya dawa ya kuungulia, ile nyeupe yenye mafuta, na kwamba mfuaji mpya alizitia majini moja kwa moja. Alikuwa amemwondoa pembeni, akamwonyesha: sabuni kavu kwanza, usugue, ndipo maji. Alizisugua mwenyewe.

"Niachie fomu hii mpaka Ijumaa," alimwambia afisa.

Fundi baiskeli alikuwa amepindua baiskeli ya mteja magurudumu juu, akilizungusha la nyuma na kulisikiliza. Alipomwona Msimamizi saa za kazi alilisimamisha kwa kiganja.

"Kuna msiba?"

"Jumanne ile Chiriku alipoungua. Nieleze."

"Nieleze nini usichokijua, dada yangu?"

"Nieleze chote."

Fundi alifuta mikono kwenye kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono. Alieleza kwamba walimpigia yeye kutoka kiwandani, kwa sababu ilikuwa Jumanne, na Chiriku alikuwa amewapa nakala ya ile karatasi: siku fulani, mpigieni fulani. Alifunga kibanda, akaenda, akampeleka hospitali. Wakamlaza.

"Na hukuniambia."

"Nikuambie? Wewe unakaa humo humo. Pale hata mgonjwa akikohoa, wafagiaji wanajua kabla ya daktari. Nilipotoka nilipita mlangoni kwenu. Mashine zinanguruma, mlango umefungwa, nikasema huyu ameshajua zamani. Jioni nikataka kukuandikia habari ndefu, nikakumbuka hutaki hadithi. Nikaandika yale matatu."

"Na mwenye duka? Na mshonaji?"

"Kila mmoja alijua kwamba unajua. Mwenye duka akasema wewe unapanda kumwona saa ya chakula, kwa siri, kwa kuwa hutaki watu wakuone unalia." Alimtazama, na uso wake ukaanza kubadilika. "Usiniambie hukujua."

"Chiriku alisema nini?"

"Msimamizi."

"Alisema nini?"

"Jumanne aliniuliza, Mama anajua kama niko hapa? Nikamwambia atakosaje kujua, yuko hapo chini." Fundi alikaa kwenye kigoda chake. "Jumatano akamuuliza mwenye duka, akajibiwa hivyo hivyo. Mshonaji anasema Alhamisi hakuuliza."

Gurudumu lilikuwa limeanza kuzunguka tena polepole, lenyewe. Msimamizi alilisimamisha.

"Karatasi ni yangu," alisema. "Ninyi mlifuata."

Alhamisi alitoka kazini saa nane, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka mingi, akatembea zile dakika arobaini. Hakumwomba mshonaji ruhusa ya kuingia siku yake.

Chiriku alifungua mlango kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa amekonda kidogo mashavuni, na nywele amezifunga vile wanavyofunga watu wa jikoni. Alisalimu vizuri. Akasema karibu, akaleta kiti, kilikuwa kimoja, yeye akakaa kitandani. Akauliza kama ametembea au amepanda gari. Akauliza kama atakunywa chai. Miaka kumi katika nyumba moja hakuwahi kumuuliza kama atakunywa chai. Aliimimina tu na kuendelea kusimulia.

"Fundi alinipigia jana," alisema. "Alilia kwenye simu, mtu mzima yule. Ilibidi mimi nimbembeleze."

"Kwa hiyo unajua kwamba sikujua."

"Najua."

"Nionyeshe mkono."

Chiriku alipandisha mkono wa shati. Ngozi mpya ilikuwa ya waridi, nyembamba, iking'aa kama karatasi ya kufungia sabuni, na kwenye kiwiko ilijikunja ambapo haikupaswa kujikunja. Msimamizi aliushika kwa chini, palipokuwa pazima.

"Kiwiko kinanyooka?"

"Kinanyooka. Mazoezi kila siku."

"Kinauma?"

"Asubuhi."

Aliurudisha mkono wa shati chini.

"Nilikuwa nasikiliza ngazi," alisema Chiriku. Hakusema kwa lawama. Alisema kama anayetoa ushahidi. "Mabuti yako ya mpira nayajua tangu mtoto. Kila aliyepanda nilijua si wewe kabla hajafika juu. Na kila asubuhi walikuja kubadilisha shuka, pindo limeingizwa ndani vile unavyotaka wewe. Nikasema basi, shuka amenipandishia, mwenyewe hakupanda. Siku ya kwanza nikasema ana kazi. Ya pili nikasema mashine imeharibika, maana muuguzi alisema imeharibika. Ya tatu sikupata la kusema."

"Ungeniita."

"Ungekuwa mji mwingine ningekuita." Alinyoosha pindo la shuka alilolikalia. "Mtu aliye ngazi mbili kutoka kitandani kwako, Mama, humwiti."

Msimamizi alitafuta jambo la kweli la kusema, maana lingine asingeweza. "Nilikuwa nimekusudia kuja. Tangu siku ya kwanza. Siku yoyote."

"Nilijua. Ndiyo maana sikuwa natoka. Wiki zile sita za kwanza, wenzangu kiwandani wakitoka kazini wanakwenda kutembea, mimi mbio nyumbani. Waliniita mwali. Mgeni wa zamu akiondoka nilikuwa nakaa mpaka jua linazama. Niliogopa utakuja unikose."

Nje mtu aliburuta ndoo kwenye saruji, akaitua, akaenda zake.

Msimamizi alitoa ile bahasha mkobani, akaiweka kitandani kati yao. "Sijatia sahihi. Mstari ule wa mtu wa kuitwa unaweza kubadilishwa. Nimemuuliza afisa, ni kuukata tu na kuandika juu, wewe uweke herufi zako pembeni. Sasa umejua ilivyokuwa. Hakuna aliyekuacha. Ilikuwa ni makosa ya mpango, na mpango niliufanya mimi."

Chiriku hakuigusa bahasha. Alifikiri, na Msimamizi alimtambua akifikiri: mdomo wa chini umeingizwa ndani, kama alipokuwa na miaka minane na lundo la vitambaa mapajani.

"Usiubadilishe, Mama."

"Umesema unajua."

"Najua. Nimejua tangu jana, nimekaa nao ule ukweli usiku kucha, nikadhani asubuhi nitaamka mambo yamerudi mahali pake. Hayakurudi. Kile kilio nimeshakilia, siwezi kukirudisha machoni." Alinyoosha tena pindo la shuka. "Likinipata jingine, na nimemwandika fundi, nitalala. Najua atakuja, atagombana na walinzi, atanichekesha. Nikikuandika wewe nitakaa macho nasikiliza ngazi. Sitaki tena kusikiliza ngazi."

Msimamizi, ambaye maisha yake yote aliwauliza watu umelijuaje, hakuwa na swali. Alijua huyu amelijuaje. Alichukua bahasha, akairudisha mkobani, akaufunga mkoba.

"Wewe ni binti yangu," alisema.

"Ndiyo," alisema Chiriku. "Sijasema si binti yako."

Mlango ulibishwa, na mshonaji akaingia na mfuko wa maembe na maneno mdomoni kabla mguu haujavuka kizingiti: "Hodi mgonjwa wangu, leo nimekuletea habari za yule bibi harusi aliyerudisha gauni..." Akamwona Msimamizi, akakwama. "Ah. Dada. Sikujua kama leo..."

"Napita tu," alisema Msimamizi. Alinyanyuka, akakiacha kiti, akakigeuza kidogo ili mshonaji akae vizuri.

Chiriku alimsindikiza. Walipita uani, wakapita mbele ya vyumba vya wapangaji wengine, ambapo mama mmoja aliyekuwa akianika nguo aliuliza, "Leo umepata wageni wawili?" na Chiriku akajibu kwamba ndiyo, wawili. Msimamizi aliona jinsi nguo zilivyoanikwa vibaya, mashati yameshikwa mabegani, yatavutika. Hakusema. Walifika kwenye geti la mabati, mahali wageni wanapoagwa, na Chiriku akasimama hapo.

"Wasalimie wadogo zangu. Yule wa kiume bado anaficha shuka?"

"Siku hizi anazileta mwenyewe."

"Afadhali."

Msimamizi alikuwa na swali moja, na lilikuwa dogo, lakini ilimchukua muda kulitoa. "Nije lini?"

Chiriku alitazama barabara, akahesabu kitu kichwani, zamu zake za kiwandani labda, au siku za watu. Hakukuwa na ubaya wowote usoni mwake. Alikuwa mtu mzima anayetafuta nafasi kwa ajili ya mtu ambaye hataki kumkosea.

"Nipigie kwanza," alisema.

"Nitapiga."

"Ufike salama, Mama."

Ijumaa saa mbili asubuhi afisa ustawi alipita kuichukua fomu. Msimamizi alivaa miwani, akaisoma tena tangu juu, mstari kwa mstari, kidole kikishuka pembeni. Hakuona kosa la kusahihisha. Akatia sahihi.